Mwanangu, Shusha Kwanza

Mwanangu, nimeusikiliza wimbo ulionitumia kutoka Migori. Mpigaji wako wa solo ana mkono mzuri, na mwimbaji amejaliwa sauti. Lakini kila chombo kinapiga kelele, sijui nimfuate nani. Keti kidogo. Najua una haraka.

Kwenye kompyuta, desibeli 0 ndiyo dari. Sauti ikiigonga inakatwa kichwa, na unachosikia ni mkwaruzo. Sisi tulijifunzia kwenye kaseti, na kaseti ilikuwa na mvumo wake usiokoma. Ili kuufunika, tulipandisha rekodi mpaka sindano iguse nyekundu, na utepe ulivumilia. Nilipohamia kompyuta, nilikuja na mkono ule ule. Nikarekodi kikundi cha ohangla hapa Homa Bay, taa nyekundu zikawaka, nikaendelea tu. Ngoma zote zikatoka zimepasuka. Kilichokatwa wakati wa kurekodi hakirudi, mwanangu. Ilinibidi niwapigie simu wazee wa watu, niwaombe waje tena. Hilo bado linaniuma.

Kompyuta haina mvumo ule. Ukirekodi kwa biti 24 una nafasi ya desibeli 144 hivi, basi unakimbilia wapi? Acha sauti icheze karibu na -18, na hata inaporuka isipite -6. Nyatiti ndiyo itakayokupima. Nyuzi zake nane ni pole, lakini pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inapogonga ubao, sauti inaruka ghafla. Weka kiwango kwa kuifuata pete. Usidanganywe na nyuzi.

Ukianza kuchanganya, shusha treki zote mpaka chini. Kisha pandisha moja moja. Wengi huanza na ngoma, na si vibaya. Mimi huanza na mwimbaji, kwa sababu watu wetu husikiliza maneno kwanza. Halafu besi, halafu gitaa. Besi isiposikika, mkono wako utataka kuipandisha. Uzuie. Uliza kwanza nani ameifunika, umshushe huyo. Ukipandisha besi, gitaa litapotea. Ukipandisha gitaa, mwimbaji atazama. Mwishowe wote wako darini na hakuna aliyesikika. Na ile tabia ya kunakili treki ya mwimbaji ili anenepe, iache. Sauti mbili zilizo sawa kabisa zikilala pamoja huongeza desibeli 6 bila wewe kugusa kitu.

Sikiliza benga ya zamani. D. O. Misiani alizaliwa Shirati, hapo ng'ambo ya mpaka, si mbali na kwako. Katika benga, gitaa la solo humjibu mwimbaji. Akinyamaza, gitaa linaingia. Maneno yakiisha, magitaa yanaachiwa uwanja. Basi fanya hivyo kwa mkono wako: mwimbaji anapopumua, inua solo desibeli 2, akirudi uishushe. Ni kazi ya kuchosha, mstari kwa mstari, lakini ndiyo kazi yenyewe. Benga aliyoitoa Oluoch Kanindo miaka ya 1970 ilifika mpaka Zimbabwe, na watu wa huko wakauita muziki huo kanindo. Hawakujua Kijaluo. Waliyafuata magitaa.

Jambo jingine, punguza spika zako. Fletcher na Munson walipima masikio ya watu huko Marekani, wakaandika mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini, sikio halipati besi vizuri. Ndiyo maana ukifungulia spika kila kitu kinaonekana kimejaa, hata miksi mbovu. Fanya kazi kwa sauti ambayo mama yako akikuita utamsikia.

Wala usishindane na wimbo wa jirani kwa ukubwa. Spotify hushusha nyimbo zenye sauti kubwa mpaka karibu -14 kwenye LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, na YouTube nayo hushusha. Utakuwa umeuponda wimbo bure.

Ukimaliza, usiutume usiku huo. Masikio yaliyochoka hudanganya. Lala. Asubuhi panda matatu ya kuja Homa Bay, uusikilize kwa simu mpaka Rongo. Maneno yakipotea, usipandishe mwimbaji; tafuta aliyemfunika, umshushe. Mwenye wimbo akikusukuma, mwambie mimi nimesema asubiri.