Sori, Pole na Samahani



Katika miji yetu ya Mbeya na Iringa neno "sori" limekuwa la kila siku. Tunakanyagana ndani ya basi: sori. Tunachelewa kikao cha kanisa: sori. Hata deni la miezi mitatu tunalifunika kwa sori.

Si kosa kuazima neno. "Samahani" nalo lina asili ya Kiarabu. Lakini yafaa tujue tumeazima nini. Neno la Kiingereza "sorry" lilianzia katika neno la kale lenye maana ya kidonda au maumivu. Aliyelisema alikuwa akisema: nami naumia. Ndiyo sababu Mwingereza hulitumia msibani, na hulitumia pia anapokosa. Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, neno hilo limo katika maungamo ya Ushirika Mtakatifu.

Kiswahili chetu kimeyatenga mambo hayo mawili. Aliyefiwa au aliyechoka tunamwambia "pole", hata kama hatukumkosea. Ni neno lenye upole ndani yake. Tuliyemkosea tunamwambia "samahani", yaani tunamwomba kitu ambacho ni chake yeye kukitoa au kukinyima. Lakini ni nani aendaye msibani Rungwe au Kilolo akamwambia mfiwa "sori"? Basi neno hilo tumelichukua kwa makosa yetu tu, na yale maumivu tukayaacha.

Fikirini sokoni Mwanjelwa. Kijana mwenye haraka anamwaga ndoo ya nyanya za mama mmoja. "Sori, mama," naye amekwisha kupotea. Mpita njia ambaye hakukosa lolote anainama, anaokota nyanya, anasema, "Pole, mama." Ni nani kati yao aliyeumia pamoja naye?

Zakayo alipoyatambua makosa yake alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Toba yake ilikuwa na hesabu.

Hatusemi neno "sori" tulifukuze. Lakini kila Jumapili tunaungama pamoja, kisha tunarudi nyumbani tukipita mlangoni kwa jirani tuliyemkosea. Tusipite. Tubishe hodi, tulitaje kosa lenyewe, tuseme samahani, na kilicho chake tukirudishe. Akikawia kutusamehe, tusinung'unike. Aliyeumizwa ni yeye.