Maembe ya Majilio

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:19-22



Sheria iliyomo katika somo hili ni fupi. Mwenye shamba akisahau mganda wa nafaka, asirudi kuuchukua. Akiisha kuupiga mzeituni wake ili matunda yaanguke, asiyapitie matawi mara ya pili. Akivuna zabibu, asirudi nyuma kuokota zilizosalia. Hayo yote ni mali ya mgeni, yatima na mjane. Angalieni jinsi jambo hili lilivyowekwa. Musa hasemi kwamba mwenye shamba akipenda atawagawia. Asema kilichosalia kina mwenyewe tayari.

Hapa Mpanda hatuna mizeituni, tuna miembe. Tangu Kashaulili hata Makanyagio na Nsemulwa, nyumba nyingi zina mwembe uani, na mingine ni mirefu kupita paa mara mbili au tatu. Sikukuu yetu ya mavuno huwa baada ya mahindi na mpunga kuingia ghalani, kwa hiyo embe halina sikukuu. Lenyewe huiva mvua zimekwisha kuanza, mwezi wa Novemba na Desemba, wakati wa Majilio, ghala zinaposhuka na watu wako na majembe. Katika nyumba yenye unga kidogo, embe ndicho chakula cha mtoto cha mchana. Na majuma hayo hayo, chini ya miembe mingine, maembe hulala yakioza mpaka mtu hapiti kwa nzi.

Watoto wanaotoka shule huyaona. Huokota mawe wakapopoa, jiwe likaanguka juu ya bati, mwenye nyumba akatoka na fimbo akipiga kelele za mwizi. Siwasifu wenye kutupa mawe. Bati ni ghali. Walakini somo lingine katika kitabu hicho hicho, sura ya 23, mstari wa 24, lamruhusu apitaye katika mizabibu ya jirani ale ashibe, ila asitie katika chombo. Na wanafunzi wa Bwana walipokwanyua masuke njiani, Mafarisayo waliwalaumu kwa ajili ya Sabato tu. Hakuna aliyewaita wezi. Basi tuwe waangalifu na neno hilo, hasa tukimtupia mtoto wa miaka saba.

Lakini nataka tufikiri zaidi juu ya urefu wa mti. Shayiri ni fupi. Ruthu aliinama tu akaokota, na Boazi alitimiza sheria kwa kuwaambia vijana wake waache masuke chini, wala wasimwaibishe. Katika shamba la shayiri, kuacha kwatosha. Katika mwembe mrefu, kuacha ni kuozesha. Mjane hawezi kupanda. Tena mara nyingi mjane ndiye mwenye mti! Mumewe aliupanda, wana wamekwenda Tabora na Dar es Salaam, naye amebaki na mwembe wenye magunia ya maembe asiyoyafikia. Huyu ni tajiri wa matunda na maskini wa miguu. Sheria ya masazo yamhitaji mtu wa tatu, ambaye si mwenye mti wala si mwenye njaa, aje na kamba.

Watu wa namna hiyo walitokea mbali sana nasi, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada. Mama mmoja, Laura Reinsborough, aliombwa asaidie kuchuma matufaa katika bustani ya zamani ya nyumba ya makumbusho iitwayo Spadina. Habari ikaenea, na wenye miti wengine wakasema: Nasi tunayo, njoni kwetu. Kumbe mji ule mkubwa, wenye magari na maghorofa, ulikuwa umejaa matufaa, peasi na cheri nyuma ya nyumba za watu, na mengi yaliozea nyasini, kwa kuwa wenye miti walikuwa wazee, au hawakuwa na nafasi, au matunda yaliwazidi. Akaanzisha kazi iliyoitwa Not Far From the Tree, yaani Si Mbali na Mti. Watu wa kujitolea walikwenda na ngazi, wakachuma, wakayagawa matunda mafungu matatu. Theluthi moja ya mwenye mti, theluthi moja ya wachumaji, na theluthi moja ilipelekwa, mara nyingi kwa baiskeli, jikoni na vituoni wanakopewa chakula wenye shida.

Nimeyapenda mafungu hayo matatu kuliko habari nyingine zote za kazi ile. Mwenye mti hakuachwa mikono mitupu, wala mchumaji hakufanywa mtumwa wa wema wake. Hata yule wa theluthi ya mwisho alipokea tunda lile lile, la mti ule ule, waliloondoka nalo wale wawili. Hakuletewa makombo. Kwetu twajua sana kumpa maskini embe lililopondeka.

Wengine watadhani kazi ngumu ilikuwa ngazi. Mimi nadhani ilikuwa kugonga mlango. Yahitaji moyo kusimama mbele ya nyumba ya mtu na kusema: Mama, hodi, maembe yako yanaoza, utaturuhusu? Mwenye njaa hathubutu, kwa sababu ataitwa mwombaji. Mwenye mti naye haendi kumwita, asije akaonekana anajitukuza. Basi wote wawili hukaa kimya, na embe huanguka katikati yao.

Sheria ya Musa yaishia kwa kukumbusha utumwa wa Misri. Katika mkoa wetu wa Katavi jambo hili si la zamani sana. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walifyeka msitu, wakala chakula cha kupimiwa mpaka mashamba yao yalipoanza kuwalisha. Vyeti vya uraia vilianza kukabidhiwa mwaka 2014. Baba zetu na mama zetu waliokuwa wageni wa mstari ule wa 19 leo ni wenye miti. Wao wajua kuliko kasisi yeyote jinsi mgeni anavyoutazama mti wa mwenzake wenye matunda. Naomba wawe wa kwanza kutufundisha.

Kwa hiyo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya ibada, kila mwenye mti asiouweza na amwambie mzee wa kanisa. Vijana waje na kamba, magunia na baiskeli. Apande ajuaye kupanda tu, wala asipande mti ukiwa umelowa, maana tawi la mwembe huteleza na kukatika. Theluthi ibaki kwa mwenyewe, hata akisema hataki. Umoja wa Mama wanazijua nyumba za kupelekewa fungu la tatu. Majina hayatatangazwa kanisani. Watoto wa shule ya Jumapili wahesabiwe kati ya wachumaji, wala wasisubiri mwisho.

Maembe yaliyokwisha kuoza yasiachwe chini ya mti. Nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003, na baadaye kuenea kwetu, hutaga ndani ya embe, na funza wake hushuka udongoni, wakatoka nzi wengine wa kuharibu yaliyo juu. Yafukiwe kina cha nusu mita. Majembe yaletwe pia.