Simba Anataka Ugali Tu?



Kwetu mbwa halali ndani. Simba kazi yake ni kulinda geti na banda la kuku, basi. Lakini nikirudi likizo, nikikaa tu pale kwenye ngazi, anakuja kunisugulia uso magotini, shavu hili halafu lile, mpaka sketi inajaa manyoya. Likizo iliyopita nilimsukuma. Nikamwambia, "Toka hapa, wewe unataka ugali tu!" Mama alikuwa anachambua mchicha. Akacheka, akasema, "Na wewe je, ukinipigia simu?"

Nilijifanya sijasikia. Nikaingia kwenye simu kusoma kwa nini mbwa hufanya vile.

Kumbe sababu ni nyingi. Usoni mbwa ana tezi za harufu, kwa hiyo akijisugua kwako anakuachia harufu yake na kuondoka na yako, na kwa kiumbe anayeijua dunia kwa pua hilo si jambo dogo. Wakati mwingine anafuta mdomo baada ya kula (ndiyo, kwa sketi yako). Wakati mwingine anawashwa, ana kupe au sikio linamuuma. Akizidisha kujisugua na kutikisa kichwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa msiisahau, jamani, maana ugonjwa ule hupita kwenye mate.

Lakini kilichonishika ni habari za mbwa mwitu, wale wenye mabaka wa Hifadhi ya Nyerere. Wakubwa wakirudi kuwinda, watoto huwasukumia pua mdomoni na kuwalamba wakiomba chakula, na wakubwa huwatapikia nyama. Sasa, watoto wale wanakua, wanajua kuwinda wenyewe, lakini ile tabia hawaiachi. Wakubwa kwa wakubwa wakikutana bado wanasukumiana pua mdomoni. Yaani kuomba chakula kumegeuka kuwa salamu.

Basi nilivyomwambia Simba nilikosea au sikukosea? Mimi ni mmoja wa wale wanaosema kwenye jumuiya kwamba upendo wa kweli hautaki kitu. Siku hizi sina uhakika. Sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe ina mkate katikati yake, na hakuna anayesema kwamba mtoto anayeomba mkate hampendi Baba. Pengine kuomba ndiko tunakoanzia wote, mbwa na watu.

Sisemi Simba anapenda kama mtu. Katekisimu, namba 2418, inaturuhusu kupenda wanyama ila inatuonya tusiwape upendo unaowastahili watu peke yao. Hata hivyo, si bure. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni, oksitosini, homoni ile ile inayomfunga mama na mtoto wake mchanga, huongezeka kwa wote wawili. Na katika Kitabu cha Tobiti kuna mbwa anayemfuata Tobia na malaika Rafaeli safarini, kisha anaonekana tena wakirudi. Hatuambiwi alipewa nini.

Siku ile, baada ya kumfukuza Simba, nilipita karibu na bakuli lake. Lilikuwa na ugali umebaki. Alikuwa ameshiba! Alikuja kwangu akiwa ameshiba.

Hapo ndipo maneno ya mama yaliponirudia. Nikazipitia simu nilizompigia muhula mzima. Ada. Kodi ya chumba. Vocha. Ada tena. Shikamoo zipo zote, kweli, lakini hakuna simu hata moja niliyopiga nikiwa nimeshiba. Mama hajawahi kulalamika, na siamini kwamba simu zile hazikuwa na upendo. Ila Simba alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho.

Nilipofika chuo nilimpigia, Jumanne jioni, sina shida yoyote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanadai ada?"

"Hapana mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepiga tu."

Akanyamaza kidogo, mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaanza kunisimulia habari za kuku, mmoja baada ya mwingine.