Jumapili ya Dada

Kwa Kiswahili chetu cha mjini, msichana anayelea watoto wa watu anaitwa dada. Yeye anawaita waajiri wake mama na baba. Ni maneno matamu, na sidhani wanaoyatumia wanadanganya. Ninachouliza ni yanafanya kazi gani inapofika wikiendi.

Naishi Mbeya kwa dada yangu wa kuzaliwa naye, nikisoma shahada ya uzamili. Ana duka Mwanjelwa, na Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mauzo. Shemeji ni dereva wa lori. Akienda Tunduma hujui atarudi lini. Watoto ni wawili, na binti anayewalea ametoka Kilolo, Iringa. Nilishangaa kwa nini Mbeya, ambayo nayo inapeleka mabinti Dar es Salaam, iagize wa kwake Iringa, mpaka jirani aliponieleza bila kupepesa macho: wa karibu akikasirika anapanda gari asubuhi, mchana yuko kwao. Kumbe tunachokiita utulivu wa mabinti wa Iringa, kwa sehemu, ni nauli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida, anayelala kwa mwajiri, kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi. Nilipomwonyesha dada yangu kipengele cha mapumziko, akaniambia, “Huyu hapa ni mwanafamilia. Mimi mama yao napumzika siku gani?”

Jibu hilo lina uzito, maana kweli hapumziki. Lakini mimi pia ni mwanafamilia. Nikisema wiki hii nina kazi ya chuo, naachwa na vitabu vyangu, na chai naletewa. Anayeileta ni yule mwanafamilia mwingine. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kwa kukataa kushika watoto nimejiondoa katika ukoo. Yeye akikataa mara moja tu, tutaanza kuulizana kama bado anataka kazi.

Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la 1962, aliijenga hoja yake juu ya familia pana, na akaikumbuka ile methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Naipenda hoja hiyo. Ila mgeni yule alilima pamoja na mwenyeji, na walichovuna walikula wote. Duka la Mwanjelwa likifanya vizuri Desemba, mshahara wa binti haubadiliki.

Basi tukatafuta mtu wa Jumapili. Mama mmoja wa mtaa wa pili, anayefua nguo za watu, alikubali Sh8,000 kwa siku kwa sharti moja: aje na mwanawe wa miaka miwili, kwa kuwa hana wa kumwachia. Dada yangu alisita siku tatu. Mimi nikachukua Jumamosi mchana. (Katika majadiliano yote hayo shemeji hakutajwa hata mara moja.)

Jumapili ya kwanza binti alilala hadi saa nne, kisha akafua nguo zake. Watoto waligonga mlango wake, akafungua, na hadi saa saba alikuwa amembeba mdogo mgongoni huku mama wa Sh8,000 akiwa ameketi hajui afanye nini. Ukiwa unaishi kazini, siku ya mapumziko unaipeleka wapi? Jumapili ya pili aliondoka na wanakwaya, akarudi saa kumi na mbili jioni.

Ya tatu alikuja na hesabu yake. Anaomba afanye kazi Jumapili nne mfululizo, halafu siku hizo apewe kwa pamoja, aende Kilolo akamwone mama yake. Nauli anayo, ameiweka.

Dada yangu bado hajamjibu. Anasema hana shida na siku nne, shida yake ni siku ya tano.