Niliumbwa Vibaya?

"Mdogo wangu, kwa hiyo mimi niliumbwa vibaya?"

Aliyeniuliza ni dada anayeuza vitenge Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Wiki tatu kabla ya hapo, nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo ya shahada yangu ya uzamili ya fiziotherapia, nilimpima. Alikuwa anaumwa mbele ya goti, kuzunguka pia, hasa akishuka ngazi au akikaa muda mrefu kwenye daladala. Nilipanga kipimapembe kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi katikati ya pia ya goti, kisha hadi kwenye kinundu cha juu cha muundi. Nikapata pembe tunayoiita Q: nyuzi 19. Kwa kujiamini nikamweleza kwamba magoti yake yameingia ndani, na kwamba wanawake wengi wako hivyo kwa sababu ya nyonga pana.

Namba haikuwa ya uongo. Lakini aliporudi, alikuwa ameacha kupanda ngazi mara kwa mara. Msichana wa dukani ndiye aliyeshusha na kupandisha mizigo. Lililonichoma zaidi ni hili: alikuwa amemsimamisha ukutani binti yake wa miaka 12, akamkagua magoti, akamwachisha netiboli.

Mwanzoni nilijitetea moyoni. Nilisema kweli; yeye ndiye aliyenielewa vibaya. Utetezi huo haukudumu, maana nilijua mengi ambayo sikuyasema.

Brattström wa Sweden aliieleza pembe hiyo mwaka 1964. Kwa wastani, ya wanawake huzidi ya wanaume kwa nyuzi chache. Hata hivyo, wapo wengi wenye pembe kubwa wasioumwa, na wenye pembe ndogo wanaolia kwa maumivu. Mwaka 2003, Christopher Powers na wenzake huko Marekani waliwapiga picha za MRI wanawake ambao pia zao za goti huhama kuelekea nje. Walipokuwa wamesimama na kubeba uzito wao, fupa la paja ndilo lililozunguka chini ya pia. Na misuli ya nyonga na makalio ndiyo inayosaidia kulizuia fupa hilo lisizunguke kupita kiasi. Misuli hufunzika, mifupa haifunziki kwa mazoezi. Mimi nilimtajia mfupa.

Tatizo jingine liko kwenye neno letu "kawaida". Tunalitumia kwa kinachoonekana mara nyingi, na pia kwa kinachotakiwa kuwa. Nikisema pembe ya mwanamke "imezidi", imezidi ya nani? Kama kipimo ni mwanamume, basi nusu ya dunia imezaliwa na kasoro.

Lakini sikutaka kukimbilia upande wa pili na kumwambia, "Huna tatizo." Ana tatizo. Anaumwa. Wanawake wengi wamerudishwa nyumbani kwa maneno hayo hayo. Nadhani wajibu wangu ulikuwa kumwambia ukweli ambao angeweza kuufanyia kazi.

Nikamwambia, "Hapana dada, hukuumbwa vibaya. Misuli yako ya nyonga na paja imedhoofika. Huenda maumivu yenyewe ndiyo yaliyoidhoofisha. Tutaijenga." Nikamwonyesha kulala ubavu na kuinua mguu, kutembea kiubavu na mpira, na kuinuka kwenye kigoda polepole.

"Mbona hukusema hivyo siku ile?"

Sikuwa na jibu la heshima. Namba ilikuwa rahisi kusema, na ilinifanya nionekane mtaalamu.

Wiki iliyofuata alikuja na binti yake. "Mpime na huyu."

Niliacha kipimapembe mfukoni. Nikamuuliza mtoto kama anaumwa popote.

"Hapana."

"Unapenda netiboli?"

Akamtazama mama yake kwanza, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Basi rudi mazoezini."

Mama alinyamaza. Macho yake yalikuwa bado kwenye magoti ya mwanawe.