Usilipasue Koo kwa Noti ya Mtu Mwingine

Mwanangu, kaa kitako, kunywa maji, na usiseme neno. Sauti imekukauka, nimeisikia tangu ulipobisha hodi, na wimbo uliokufanya hivyo naujua. Ni ule wa Queen, Bohemian Rhapsody, ambao bendi yenu imeahidi kuupiga hotelini Jumamosi. Wageni wanauomba kwa sababu wanajua Freddie Mercury alizaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Ombi lao sina neno nalo. Nina neno na wewe uliyejifungia chumbani na simu yako, unazikimbiza noti zote za juu kwa koo moja. Nimeshawaambia wengi kabla yako, na nimechoka kulisema, lakini nitalisema tena.

Noti ya juu inatafutwa kwa sikio kwanza, koo linafuata baadaye. Sikiliza ule mwanzo usio na ala hata moja. Kwenye video unawaona wanne, midomo inakwenda pamoja, nawe unadhani wanne wanaimba. Ile ni sauti ya Mercury peke yake, aliyejirekodi tena na tena, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo hata yeye mwenyewe asingeweza kukuimbia mwanzo ule akiwa amesimama peke yake mbele yako. Wewe unautakaje kwa pumzi moja?

Sasa nenda kwenye ile sehemu ya opera. Walianza kuurekodi wimbo huo Agosti 1975, katika studio ya Rockfield huko Wales, na sehemu hiyo peke yake ikawala wiki tatu hivi. Waliimba watatu: Mercury, Brian May na Roger Taylor. May alibeba zaidi sauti za chini, Mercury za kati, Taylor za juu. Mashine ilikuwa na njia 24 tu, ambazo kwa kazi ile hazikutosha, hivyo wakawa wanakusanya sauti walizokwisha kuimba, wanazihamishia pamoja ili kupata nafasi ya nyingine, mpaka kanda yenyewe ikachakaa kwa kupitishwa mno. Ile kwaya unayoisikia ni watu watatu na kazi ya siku nyingi.

Na ile noti iliyokukausha, ile ya mwisho kabisa wa opera, inayopanda peke yake kabla gitaa halijaingia kwa kishindo, ni B-flati ya juu sana, mitetemo 932 kwa sekunde. Aliyeiimba ni Taylor, mpiga dramu, kwa sauti ya kichwani aliyojaliwa. Umekesha ukimfuata Mercury mahali ambapo Mercury hayupo.

Iliyo ya Mercury ni nyingine, oktava moja chini yake, katika sehemu ya taratibu yenye piano, pale mwana anapomlilia mama yake na sauti inapanda kwa uchungu. Hiyo nayo ni B-flati, na hiyo unaiweza, ila si kwa namna unavyoifanya. Nimekuona. Ukiikaribia unainua kidevu, shingo inatoa mishipa, zoloto linapanda mpaka chini ya taya, kisha unapiga kelele. Tazama kinachotokea humo ndani. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ambayo kwa mwanamume mzima haifiki sentimita tatu, na kwenye noti hiyo inakutana mara 466 kila sekunde. Ukiipeleka huko ikiwa nene, kwa nguvu za kifua, inagongana mpaka inavimba. Mpiga udi akitaka noti ya juu haupigi uzi kwa nguvu zaidi. Huukaza, au huufupisha kwa kidole. Koo nalo ndivyo lilivyo: lina misuli yake ya kuzivuta nyuzi zirefuke na zinyooke ziwe nyembamba, na misuli hiyo haifanyi kazi yake vizuri wakati shingo yote imekakamaa.

Kwa hiyo ianze chini. Imba kifungu chote oktava moja chini, kwa solfa, mpaka sikio lisibahatishe. Angalia pia kwamba wimbo unaanza katika B-flati, lakini ukifika kwenye kile kilio kwa mama umekwisha kuhamia E-flati. Noti unayoiogopa si do tena, ni so, na ukiisikia kama so haitakuponyoka. Halafu ipande kwa vokali ya u, kwa sauti ndogo, kidevu kikiwa kimetulia. Ikikaa hapo bila kuyumba, fungua mdomo kidogo kidogo mpaka lifike neno lenyewe. Nguvu ije mwisho, nayo itoke kwenye mbavu na tumbo. Mara chache kwa siku zinatosha.

Na acha kunibebea habari za tangawizi na mayai mabichi. Ukimeza kitu kinapita kwenye umio, hakizigusi nyuzi za sauti, zingeguswa ungepaliwa. Maji yanasaidia kwa kuunywesha mwili mzima, na hilo linataka saa nyingi, halifanyiki dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Kunong'ona si kupumzika, kunong'ona kwa nguvu kunachosha vilevile. Ukitaka kujua kama zimevimba, jaribu noti za juu kwa upole kabisa. Zikikatika na kuvuja pumzi wakati kwa kelele zinatoka, zimevimba, na siku hiyo huimbi. Ukikaa wiki tatu sauti haijarudi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usije kwangu.

Huyo unayemhusudu alilijua hilo kwa maumivu. Mapema mwaka huo huo wa 1975, Queen walipokuwa Marekani, koo lilimsumbua mpaka wakafuta baadhi ya maonyesho, na vinundu kwenye nyuzi za sauti vikamfuata katika maisha yake ya uimbaji. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walizipima rekodi za mazungumzo yake wakakuta sauti yake ya kusemea ni ya mwanamume wa baritoni, kama yako. Jukwaani mara nyingi alizishusha noti za juu, akazipa mkondo mwingine, au akamwachia Taylor. Ile sehemu ya opera hawakuiimba kabisa: kanda ilipigwa nao wakatoka jukwaani mpaka gitaa lilipowaita. Kwenye lile tamasha kubwa uwanjani Wembley, Julai 1985, waliufungua muda wao wa jukwaani kwa wimbo huu, wakapiga sehemu ya piano, wakaingia wimbo mwingine, na watu mpaka leo wanaizungumza siku ile.

Basi ninyi mna aibu gani? Yule binti anayepiga kinanda ana sauti nyembamba na safi, nimemsikia; ya Taylor mpeni yeye. Opera igawanyeni kwa wote mnaoweza kushika noti, na mkiwa hamtoshi ifupisheni. Ufunguo wote ushusheni hatua moja nzima, muanzie A-flati. Mpiga gitaa atanung'unika kwamba vidole vyake vimezoea pale pale, na ana haki ya kunung'unika, lakini vidole vinajifunza kwa juma moja, koo likiharibika linataka miezi.

Leo na kesho huimbi, na simu hujibu, andika. Ijumaa asubuhi njoo na binti, nimsikilize hiyo noti bila kipaza sauti. Mlete na mpiga gitaa, nataka apige kile kipande chake kwenye ufunguo mpya mbele yangu kabla hajasema hakiwezekani.