Mbegu ya Fahali na Haki ya Jirani

Minhaj ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277, imesomeshwa kwa vizazi vingi katika darasa za Lamu, Mombasa na Unguja, na makadhi wa pwani wameitegemea katika hukumu zao. Mlango wake unaohusu mauzo yaliyokatazwa unafunguliwa na fahali. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza malipo ya kupandisha dume, kama alivyopokea Ibn Umar katika Bukhari. Nawawi anafafanua kwamba kuuza maji ya dume ni haramu, na kumkodisha ili apande ni haramu vilevile, kwa kauli yenye nguvu zaidi.

Mfugaji wa leo akisoma hapo ana haki ya kuuliza: kwa nini? Shamba linauza maziwa, nyama, ngozi, hata samadi. Kwa nini mbegu, ambayo ndiyo chanzo cha yote hayo, isiwe na bei?

Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki Damascus mwaka 1223, alilijibu swali hilo katika Al-Mughni. Mwenye dume, anasema, hana uwezo wa kukabidhi anachokiuza, kwa hiyo hali yake inafanana na ya mtu anayekodisha mtumwa aliyetoroka. Tena jambo lenyewe limefungamana na hiari ya dume na matamanio yake. Na kinachotafutwa hasa ni maji, nayo hayajulikani. Wafuasi wa Imam Malik walilegeza kidogo: mtu akikodisha dume kwa muda maalumu, au kwa idadi maalumu ya kupanda, wao hawaoni tatizo, kwa kuwa kilichouzwa hapo ni kazi inayohesabika. Lakini pwani yetu ilifuata Shafii, na katazo likabaki.

Yaliandikwa hayo karne nne na zaidi kabla ya mwaka 1677, Antonie van Leeuwenhoek alipotazama manii kwa hadubini yake mjini Delft na kuona viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea. Leo yale maji yasiyojulikana yanapimwa zizini, na upimaji wenyewe hauchukui hata saa moja.

Fahali anaingizwa kwenye kizuizi, ubao unapitishwa nyuma yake. Daktari wa mifugo anatazama kwanza miguu, kwato na macho, maana dume asiyeweza kutembea wala kuona jike hana faida malishoni. Kisha anazishusha korodani kwa mkono na kuzizungushia utepe pale zilipo nene zaidi. Viwango vinavyotumiwa sana ni vya chama cha Marekani cha madaktari wa uzazi wa wanyama: dume wa miezi 15 au chini yake awe na sentimita 30, na aliyevuka miaka miwili afikishe 34. Daktari anavaa glovu ndefu na kupapasa tezi za ndani kwa kupitia njia ya haja kubwa. Manii yakipatikana, tone moja linawekwa kwenye kioo kilichopashwa joto, kwani baridi huzilemaza mbegu na kumfanya dume mzima aonekane mgonjwa. Chini ya hadubini, tone zuri linachemka kama siafu waliovurugwa. Angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinakwenda mbele, na asilimia 70 ziwe na umbo kamili: kichwa kisichopinda, mkia usiojikunja.

Je, elimu hii inafuta sababu ya katazo?

Kwa sehemu, ndiyo. Lile neno la tatu la Ibn Qudama, kwamba maji hayajulikani, halina tena uzito liliokuwa nao. Neno la kwanza nalo limepata jibu lake Usa River, karibu na Arusha, na Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwenye vituo vya taifa vya uhimilishaji. Hapo mbegu za dume aliyepimwa hugandishwa ndani ya mirija myembamba na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija unashikika, unahesabika, unakabidhiwa mkononi. Ndiyo maana wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaoruhusu biashara hiyo, wakisema kwamba wasiwasi uliokusudiwa na katazo umeondoka, na wapo wanaoshikilia kwamba neno la Mtume halijafungwa na sababu walizozitafuta mafakihi.

Neno la pili, lile la matamanio, linashangaza kwa jinsi lilivyosimama. Upimaji wa kawaida hauyapimi. Fahali anaweza kufaulu utepe na hadubini, kisha akafika malishoni akala majani mchana kutwa huku mitamba wakiwa kwenye joto mbele yake. Mwingine ana hamu lakini nyonga inamuuma, hapandi. Madaktari wanalijua hilo, na humwambia mwenye ng'ombe amwangalie dume wake kwa macho yake mwenyewe wiki za mwanzo. Cheti cha upimaji pia ni cha siku ile tu. Mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo homa ya mwezi uliopita inaweza kumfelisha leo dume ambaye angefaulu baadaye. Mwenye matokeo ya kutia shaka huahirishwa, akapimwa tena baada ya siku kama 60. Na hata mrija bora wa Usa River ukiingizwa vizuri, ng'ombe anaweza kurudia joto baada ya siku 21. Mimba haijapata kuuzwa na mtu yeyote, wa zamani wala wa sasa.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao mijadala ya sheria huupita haraka, nao ndio mzito zaidi. Katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume aliulizwa juu ya haki za ngamia, na miongoni mwa alizozitaja ni kuazima dume wake apandishe, na kuazima ndoo yake ya kutekea maji. Dume yuko pamoja na ndoo. Ni vitu ambavyo mwenye navyo hapungukiwi kitu akimpa jirani, na asiye navyo anakwama. Anas naye amepokea, katika Tirmidhi, kwamba mtu wa kabila la Kilab alipoambiwa malipo hayaruhusiwi, alieleza kuwa wao huazima madume na hupewa takrima, na Mtume akairuhusu takrima hiyo. Katazo, basi, lilikuwa pia ulinzi wa mfugaji mdogo mwenye ng'ombe wawili na asiye na dume.

Hapo ndipo upimaji unapobadilisha wajibu wa mkopeshaji, na kuuongeza. Zamani aliyeazima dume alitoa alichokuwa nacho kwa nia njema, basi. Leo inajulikana kwamba vijidudu vya trikomonasi hukaa katika mikunjo ya ngozi inayofunika uume wa fahali bila kumwonyesha dalili yoyote, na dume mzee aliyeambukizwa hukaa navyo maisha yake yote. Anapanda ng'ombe wa jirani, mimba inaharibika mapema mno kiasi kwamba hakuna anayeiona, na mwezi baada ya mwezi ng'ombe yule anarudia joto. Mwishowe anaitwa tasa na kupelekwa machinjioni kwa kosa la dume. Fahali mmoja hupewa majike 25 au 30, kwa hiyo dhuluma hiyo haiishii kwa mmoja. Kanuni ya Uislamu kwamba hapana kudhuru wala kudhuruana haimwachi salama mwenye dume aliyekuwa na uwezo wa kupima akapuuza. Gharama ya daktari, maabara na naitrojeni ni kazi halali, na kuchangiana kuilipa hakugusi katazo hata kidogo. Kumtoza jirani maskini bei ya mpando juu ya gharama hiyo ndiko kunakoirudisha hadithi ya Jabir mbele ya macho.

Linabaki suala la fahali aliyefeli. Akiuzwa mnadani kwa mchinjaji, utasa wake si kasoro. Nyama ni ileile. Akiuzwa kwa mtu anayetafuta dume la mbegu, na muuzaji akaificha karatasi ya daktari mfukoni, hilo ni lile rundo la nafaka ambalo Mtume aliingiza mkono ndani yake sokoni akakuta unyevu chini, akamwambia mwenyewe auweke juu watu wauone. Fiqhi humpa mnunuzi aliyefichwa kasoro haki ya kumrudisha mnyama. Lakini kufikia siku anapogundua, miezi mitatu au minne ya malisho imekwisha, na majike 25 wako zizini bila mimba. Hasara hiyo hairudi pamoja na fahali.